Mawe Elfu Mbili Mia Tano na Kumi na Tisa

Namba niliyoishi nayo kwa muda mrefu kuliko zote si mwaka niliozaliwa, kwa kuwa huo siujui sawasawa. Ni elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Niliipata kanisani, juu ya ngozi za ng'ombe, katika kijiji kipya upande wa Nyambureti, miaka ile tulipokusanywa vijijini. Ilikuwa namba ya watu. Kila aliyekuwa ndani yake angekula mahindi ya msaada, na aliyekuwa nje yake asingekula. Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwa ajili ya namba hiyo, na mara nyingine nimemwomba radhi kwa ajili yake. Naandika ili yote mawili yajulikane.

Mimi ni mtu wa Kemambo. Nilivuka mto Mara nikiwa kijana, nikatumwa kuwa katekista katika kijiji hicho, ambacho wakati huo kilikuwa nyumba za nyasi mbichi zilizopangwa kwa mstari kama kambi. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na viti vyake vilikuwa matuta ya udongo yaliyosilibwa kwa samadi. Padre alikuja mara moja kwa mwezi kama mto ulimruhusu. Siku nyingine zote nilisalisha mimi, nikafundisha watoto sala, nikazika, na jioni nikafundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Hesabu nilipewa na padre mzee aliyetufundisha chuo cha makatekista. Alipenda namba kama watu wengine wanavyopenda kufuga njiwa. Baada ya somo la maandiko angeandika namba ndefu ubaoni na kutuuliza ni nani anayeweza kuigawanya. Alitufundisha kutambua inayogawanyika kwa tatu kwa kujumlisha tarakimu zake, na inayogawanyika kwa kumi na moja kwa kujumlisha tarakimu moja na kutoa inayofuata. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa macho, sijui kwa nini. Nilipata raha kuona kwamba jambo lililofichika ndani ya namba lilikuwamo tangu mwanzo, hata kabla mtu hajaliuliza.

Mwaka ninaousimulia mvua iliacha kunyesha mtama ukiwa umefika magotini. Ulikauka umesimama. Muhogo tulikuwa bado hatujapanda vya kutosha, maana mashamba yetu ya zamani yenye muhogo yalibaki kule tulikotoka. Watu wakaanza kuchemsha mboga za porini. Kisha tukaambiwa kwamba lori la mahindi ya njano litakuja Jumatatu, na kwamba wilaya inataka namba ya watu, namba moja iliyokamilika, kabla ya gunia lolote kushushwa. Itakayoandikwa ndiyo itakayotumika mpaka mavuno. Hakutakuwa na orodha ya pili.

Katibu wa kijiji alikuwa mgeni kama mimi, mtu mwaminifu, mwenye kalamu aliyoifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati isipotee. Alitaka kupita nyumba kwa nyumba ahesabu watu kwa kidole. Siku ya kwanza alirudi kabla ya saa nne asubuhi.

"Ndugu mwalimu," akaniambia, "watu wako wana nini? Nimeingia nyumba ya kwanza, watoto wote wakaingizwa chini ya kitanda. Nyumba ya pili mama kaniuliza kama nimekuja kununua."

Nilielewa. Kwetu pia mtu hahesabiwi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi na sikuwahi kumsikia akitaja idadi yao. Jioni walipoingia zizini alisimama mlangoni akiwatazama wakipita, mwekundu, mwenye baka, mwenye pembe moja, na wa mwisho akipita alijua kama kuna asiyerudi, na ni yupi. Watoto ndivyo walivyohesabiwa vilevile, kwa macho, bila mdomo. Kumwelekezea mtoto kidole na kusema "wanne, watano" kulikuwa kama kumwonyesha kwa kifo. Katika mafundisho nilisema kwamba hofu hiyo haifai kwa waliobatizwa. Lakini mama yangu, aliyesali rozari kila siku ya maisha yake, hakuwahi kutuhesabu.

Aliyetupatia njia ni balozi mmoja mzee, msimamizi wa nyumba kumi za karibu na kanisa. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na maneno yake yalipita hapo bila kizuizi.

"Katibu anataka namba," alisema. "Apewe namba. Kwani lazima apewe watu? Kila nyumba ichukue kibuyu. Kila anayekula ndani ya nyumba, jiwe moja liingie, mkono umefunikwa, hakuna anayetaja. Mabalozi tutaleta vibuyu hapa. Atahesabu mawe mpaka achoke. Mawe hayafi."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Watoto waliokota mawe madogo mtoni, ya ukubwa wa harage. Kwa siku tatu vibuyu vilipita nyumba kwa nyumba, na Ijumaa mabalozi wote walivileta kanisani. Tulitandika ngozi za ng'ombe sakafuni, tukamwaga.

Katibu alikuwa na sharti lake. Katika kijiji alichofanya kazi kabla, mahindi yalipogawiwa, watu waliobaki nje ya vikundi walipigana mpaka mmoja akavunjwa mkono. Kwa hiyo alitaka vikundi vilivyo sawasawa, vyote, kijiji kizima, kila kikundi kiwe na kiongozi wake wa kupokea. "Kisiwepo kikundi kilichovunjika," alisema. "Hata kimoja. Na kikundi kisizidi watu kumi na wawili, maana kiongozi hawezi kuwajua zaidi ya hao. Ukinipa namba pamoja na vikundi, naandika, napiga mhuri, imekwisha."

Nikapanga mawe kwa safu za kumi. Ilichukua muda mrefu. Mabalozi walikaa kwenye matuta ya udongo wakitazama kama watu wanaotazama bao. Safu mia mbili na hamsini na moja zilijaa. Ya mwisho ilikuwa na mawe tisa.

"Moja limekosekana," alisema katibu.

"Mwalimu, tema," balozi mzee akasema. "Usimeze jiwe la watu. Njaa haijafikia hapo."

Wakacheka. Nikahesabu upya, yakawa yaleyale, elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Katibu akasema tujaribu tisa tisa. Nikapanga. Safu ya mwisho ilikuwa na nane. Nikajaribu nane nane, ya mwisho ikawa na saba. Hapo kicheko kikapungua. Balozi mzee akashuka kutoka kwenye tuta akachuchumaa karibu na ngozi.

"Panga saba saba," alisema.

Nilipanga. Safu mia tatu na hamsini na tisa, na ya mwisho mawe sita. Pengo lilikuwa mahali palepale, kwenye kona ya ngozi iliyokuwa karibu na mlango.

Zilizobaki nilizifanya kwa penseli. Sita sita, wanabaki watano. Watano watano, wanabaki wanne. Wanne, wanabaki watatu. Watatu, wanabaki wawili. Wawili wawili, mmoja hana mwenzake. Katibu akasema nijaribu kumi na mbili, kama sabuni zinavyofungwa kwenye boksi. Wanabaki kumi na mmoja. Kila mara safu ya mwisho ilihitaji jiwe moja tu, lisilozidi, lisilopungua.

Kisha balozi mzee akasema taratibu, bila utani safari hii, "Kuna mtu amekaa nje."

Wengine wakaitikia kwa koo. Nami niliona nywele za mkononi mwangu zikisimama, ingawa nilijua sababu. Padre alitufundisha kigawe kidogo cha shirika: namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mbili, tatu, nne, hadi kumi ni elfu mbili mia tano na ishirini. Sisi tulikuwa nyuma yake hatua moja. Anayesimama hatua moja nyuma ya namba hiyo atapungukiwa na mmoja kila atakapojigawa. Hiyo ni tabia ya namba. Haisemi chochote kuhusu watu. Kama kijijini mwetu wangekuwa wamefichwa wawili, au kumi, mawe yangekaa tofauti na hakuna ambaye angeshtuka. Nilijua hivyo, na nilinyamaza.

Katibu alikasirika. "Mimi si mganga. Nataka vikundi. Jumapili jioni naandika."

Walipoondoka nilibaki peke yangu na mawe. Jua lilikuwa bado liko juu, linaingia kwenye mianya ya nyasi na kuanguka juu ya ngozi. Hapo nikakumbuka kwamba kuna namba moja ambayo hakuna aliyeniuliza. Tulitoka kumi tukarukia kumi na mbili. Hakuna mtu wa kwetu anayepanga kitu kwa kumi na moja, vidole vinaishia kumi. Nikafanya alivyonifundisha padre, kutoka kulia: tisa, toa moja, ni nane. Ongeza tano, kumi na tatu. Toa mbili, kumi na moja. Yaani inagawanyika. Nikaigawanya kwa penseli, ikatoka safi, vikundi mia mbili ishirini na tisa vya watu kumi na mmoja, habaki mtu. Nikatafuta kama kuna kigawanyo kingine, nikajaribu kumi na tatu, kumi na saba, na kuendelea. Hakuna. Katika namba zote ambazo katibu angezikubali, mlango ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wazi.

Niliiweka penseli chini.

Kama ningemwambia katibu, angefurahi. Angeandika, angepiga mhuri, vikundi vyote sawa, hakuna ugomvi siku ya kugawa. Hata mabalozi wangetulia, maana pengo lingefutika mbele ya macho yao. Na kama kweli kulikuwa na mtu nje, angebaki nje mpaka mavuno, na orodha ingekuwa nzuri kabisa bila yeye. Kwa upande mwingine, kama nisingemwambia, ningekuwa nimeficha ukweli nilioujua, na kuwaacha wazee waamini kwamba mawe yanazungumza. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha kila Jumapili waache kusoma ishara katika matumbo ya mbuzi.

Nilipiga magoti pale pale. Sikupata jibu, na sitadai kwamba nilipata. Nilichopata ni kumbukumbu ya baba yangu amesimama mlangoni mwa zizi. Yeye asingeuliza kama safu zimejaa. Angeuliza ni nani hajarudi.

Basi nikafuta kumi na moja kwenye karatasi yangu. Nilifuta kwa kidole kilicholowa mate, na doa la kijivu lilibaki. Nikamwendea katibu nikamwomba aningoje mpaka Jumapili jioni kama alivyosema, asiandike kabla. Hakuniuliza kama nimejaribu zote. Angeuliza ningemwambia, hilo nalijua. Hakuuliza.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari ya pengo ilikuwa imefika kila nyumba. Nilikuwa nimezipanga safu za kumi kumi upande wa mbele, na pengo kwenye kona. Ilikuwa rahisi kuhubiri juu ya kondoo aliyepotea. Kila mtu alikuwa akiisubiri habari hiyo, niliiona machoni mwao. Sikuihubiri. Nilihofia kwamba nikiunganisha mawe yale na maneno matakatifu nitakuwa nimeongeza uongo juu ya ukimya. Mwisho wa ibada nilisema tu hivi:

"Mawe haya hayajui kitu. Namba hii inapungukiwa na mmoja kwa sababu ndivyo namba ilivyo. Inawezekana hakuna mtu nje. Lakini kama yupo, nafasi yake ni hii, na lori linakuja kesho. Sitauliza ni nani wala kwa nini. Mlango wa kanisa hautafungwa mpaka jua lizame."

Watu wakatoka. Nikakaa kwenye tuta la mbele nikasubiri. Saa saba hakuna mtu. Saa nane akaja balozi mzee, akachungulia, akaondoka. Mbuzi aliingia nikamfukuza asikanyage ngozi.

Saa tisa aliingia mama mmoja. Nilimfahamu kwa sura, alikaa nyumba za mwisho upande wa korongo, pamoja na mumewe aliyekuwa hajambo leo na mgonjwa kesho. Hakukosa ibada. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa kike wa miaka kama minne, mkubwa wa kubebwa, lakini miguu yake ilikuwa myembamba kama fito na ikaning'inia. Nilipomwona mtoto huyo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumwona katika mafundisho wala katika daftari la ubatizo. Miaka minne, na hakuwahi kuandikwa popote.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa nadhani alinizidi umri.

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitazama pengo.

"Ni kweli ukipanga namna zote anakosekana mmoja?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli wote. "Si namna zote," nilimjibu. "Ipo moja ambayo safu zinajaa. Sijamwambia mtu."

"Kwa hiyo katibu anaweza kuandika hiyo."

"Anaweza."

"Na huyu?"

"Atakula sehemu yako, kama anavyokula sasa."

Alimshusha mtoto. Mtoto akakaa chini papo hapo, hakutembea, akaanza kuchezea ukingo wa ngozi. Mama akasema bila kuinua sauti:

"Kule Ringwani, kabla ya kuhamishiwa hapa, niliacha makaburi manne. Wa kwanza aliandikwa kwenye kadi ya zahanati. Wa pili walikuja watu wa kuhesabu nchi nzima, wakamhesabu. Wa tatu aliandikwa na mwenzako, katekista wa kule, katika kitabu cha ubatizo. Wa nne baba yake alimtaja mbele ya watu kwenye ngoma, akasema sasa nina mmoja. Huyu sikumwonyesha mtu. Kibuyu kilipopita nilichukua mawe matatu. Mawili niliyatia."

Mafundisho yote niliyokuwa nayo juu ya hofu na imani yalikuwa pale mdomoni, na niliyaacha yakae huko.

"Anapungua," alisema. "Nampa changu na bado anapungua. Nikimtoa atakufa, nisipomtoa atakufa. Wewe ni mtu wa Mungu. Sema."

"Mama, mimi siwezi kukuahidi kitu. Najua tu kwamba Mungu alikuwa anamjua kabla ya kibuyu. Kumwandika hakumwongezei Mungu habari. Kutamwongezea mtoto mahindi."

Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa jiwe. Lilikuwa jeusi, lenye mshipa mweupe uliolizunguka kama uzi. Alikuwa amelifunga hapo tangu siku ya kibuyu, hakuwa amelitupa.

"Liweke wewe," alisema. "Mkono wangu usimhesabu. Na usitaje."

Padre angenisahihisha. Pengine angenitaka nimfundishe kwanza, kisha yeye mwenyewe aliweke kwa imani. Mimi nilinyosha mkono nikalipokea, nikaliweka kwenye pengo, na sikutaja. Mtoto alilitazama likitua, akalisukuma kidogo kwa kidole mpaka likanyooka na mengine.

Mama akambeba akatoka. Mlangoni aligeuka. "Na ile namna moja uliyoificha," aliuliza, "sasa ikoje?"

Nilipiga hesabu kichwani. "Sasa kwa namna hiyo, anabaki mmoja."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua siku zote, akaenda.

Jioni katibu alikuja na karatasi zake. Nikamwambia elfu mbili mia tano na ishirini, vikundi mia mbili hamsini na viwili vya watu kumi kumi. Akahesabu safu mwenyewe, akafika kwenye kona, akanitazama. Kisha, kwa udadisi wake tu, akajaribu kugawanya kwa penseli: tisa, nane, saba. Zote zikatoka safi. "Ndugu mwalimu," akasema, "mimi si mtu wa dini sana. Lakini hii nitaikumbuka." Akapiga mhuri.

Nilipaswa kumwambia kuhusu kumi na moja wakati huo. Sikumwambia. Alihamishwa kabla ya mavuno, na sikumwona tena. Hilo ni sehemu ya ninayomwomba Mungu radhi, kwamba mtu mwaminifu aliondoka na muujiza ambao nilijua si muujiza, au si wa namna aliyoufikiri.

Balozi mzee nilimwambia. Tulikuwa tunachambua yale mahindi ya njano, ambayo yalikuja na wadudu wake, nikamweleza yote kuhusu namba, bila kumtaja mama. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Mura," alisema, akiniita kijana kwa lugha yake, "nani anakula kwa kumi na moja?"

"Si suala la kula, tata," nilimjibu, nikimwita baba kwa lugha ileile. "Ningesema, wazee wangeona hakuna pengo."

"Ungesema, tungekuambia hesabu yako ina kichaa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alitafuna punje moja mbichi kwa magego, taratibu. "Mimi nilimjua," alisema. "Balozi gani asiyejua nani anakojoa katika eneo lake na la jirani? Nilijua yupo, na kibuyu kilipopita huko nilijua hakuingia. Nikanyamaza, kwa sababu mama yake alinyamaza. Niliposema kuna mtu amekaa nje, ulifikiri nimeambiwa na mawe?"

Nimelifikiria jibu lake miaka mingi. Mimi nilijiona peke yangu mwenye siri, kumbe kanisa zima lilikuwa na watu waliojua, kila mmoja akimngojea mwingine. Namba haikuwaambia wasichokijua. Iliwapa mahali pa kutazama, wasitazamane usoni.

Mtoto aliugua surua mwezi uliofuata. Niliposikia, nilienda nikakaa nje ya nyumba yao kwa siku mbili, kwa kuwa sikuthubutu kuingia wala kuondoka. Mama alinipa maji ya kunywa na hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Siku ya tatu mtoto aliomba uji. Sijui kama ni mahindi yaliyompa nguvu za kupita, au ni kitu kingine. Nilitoa shukrani na sikuuliza.

Baada ya mavuno, mtama ulipokuwa umejaa kwenye vihenge, mama yule alikuja tena kanisani. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nafagia. Mawe yalikuwa yamerundikwa nyuma ya altare, nilikuwa sijajua niyafanyie nini.

"Sasa chakula kipo," alisema. "Kazi ya kuhesabiwa imekwisha. Nataka jiwe la mtoto wangu."

Nikamwambia amechelewa, yamechanganyika, yako zaidi ya elfu mbili, nimpe lolote.

"Lolote la nini?" alisema, kama aliyetukanwa kidogo.

Akapiga magoti kwenye rundo. Hakuhesabu. Alitembeza viganja viwili juu ya mawe, akiyasogeza polepole, kama anayepeta nafaka, macho yake yakipita juu ya kila moja. Mtoto alisimama kando yake, kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kanga ya mama. Nilisimama na ufagio nikaangalia, na nikamwona tena baba yangu mlangoni mwa zizi. Haikuchukua muda. Akaliokota, jeusi, lenye uzi mweupe, akalifunga kwenye pindo la kanga, mahali pale pale.

"Je, ubatizo?" nilimuuliza.

"Akikua ataandika mwenyewe," alisema. "Mkono wake ukimwandika, si mimi niliyemwandika."

Nilikubali. Na alipokua alikuja mwenyewe, msichana mrefu aliyejua kusoma, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika jina lake katika daftari kwa herufi kubwa kupita mistari. Mama yake alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akiangalia pembeni.

Kanisa la matofali lilipojengwa, mawe yale tuliyachanganya na saruji ya sakafu, upande wa mbele. Fundi aliniuliza yako mangapi, kwa utani, akiona nilivyokuwa nikiyamwaga kwa uangalifu. Nilimjibu bila kufikiri: elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Akasema, mzee, namba gani hiyo mbaya, ungeongeza moja ikakaa vizuri.

Nilimwambia amwage saruji.